Mwongozo kamili: kumfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhoji badala ya kumeza silabusi

Mwongozo huu ni wa maasistanti na walimu wapya wa hapa Goma ambao kila mwaka wananiletea kilio kilekile kuhusu L1, yaani mwaka wa kwanza wa chuo kikuu: "Nimewauliza wanafunzi wa L1 wanafikiri nini, wakanirudishia maneno yangu mwenyewe, hadi kosa la chapa lililokuwa kwenye silabusi." (Silabusi ni notisi za kozi zilizochapwa na mwalimu.)

Mimi pia nilianguka hapo. Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha makosa 14 ya hoja, yote na majina yake ya Kilatini. Wanafunzi waliyakariri vizuri ajabu, wengi wakapita 15 kwa 20. Wiki ileile ya mtihani, mmoja wa waliofaulu sana alinitumia kwenye WhatsApp sauti ya mtu asiyejulikana akitangaza kwamba maji ya bomba yametiwa sumu. Chini yake aliandika: "Mwalimu, wajulishe na wa kwako." Kilatini chote alikuwa nacho kichwani, ila hakuna aliyewahi kumwonyesha kinatumikaje simu inapolia.

Tangu hapo niliacha orodha ya makosa. Sasa ninawapa dai moja, tunalipasua kwa mikono, na pointi zinatolewa kwa kupasua. Hesabu wiki nane, saa mbili kwa wiki. Huhitaji kozi mpya: inaingia ndani ya kozi ya Logique et argumentation (mantiki na kujenga hoja), na hata ndani ya biolojia au uchumi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya siku ya kwanza

- Ubao na chaki. Projekta iache, umeme ukikatika katikati ya zoezi, umepoteza watu.
- Karatasi za A4 zilizokatwa nusu. Kila mwanafunzi nusu moja kwa kila kipindi.
- Daftari jembamba la kila mwanafunzi. Mimi naliita daftari la mashaka.
- Madai 6 hadi 8 yanayozunguka mjini, yaandikwe kwa maneno yaleyale ambayo watu wanayasema. Usiyasafishe.
- Makubaliano na CP, kiongozi wa wanafunzi wa promosheni (wote wa mwaka mmoja). Mweleze mapema kwamba kelele itakuwepo na kwamba ni sehemu ya somo, la sivyo atakuwa anawanyamazisha wenzake kwa heshima yako.

Mega za intaneti hazihitajiki. Zoezi linalodai kila mtu awe na mega linawapima wazazi wao.

## Hatua ya 1: Badilisha pointi kabla ya kubadilisha somo

Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa sababu wanadhani hatua hii ni ya utawala tu.

Mtoto huyu amefika kwako kwa sababu amefaulu Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na sehemu kubwa ya Exetat ni kuchagua herufi iliyo sahihi. Kwa miaka sita ya sekondari amelipwa kwa kurudisha alichopewa. Yeye si mjinga, anajua tu soko linanunua nini. Ukimwambia "fikiri mwenyewe" halafu ukasahihisha kwa kulinganisha na silabusi, atakusikiliza kwa adabu na kuendelea kukariri. Na atakuwa amefanya hesabu nzuri.

Andika ubaoni siku ya kwanza, na uwaache wanakili:

- Pointi 6: kulipasua dai katika vipande.
- Pointi 6: kuleta ushahidi na kusema umeutoa wapi.
- Pointi 5: kutaja jambo ambalo, likionekana, litakulazimisha ubadili mawazo.
- Pointi 3: hitimisho.

Soma tena mstari wa mwisho mbele yao, polepole. Hitimisho ni 3 tu. Watacheka, wengine wataguna. Waache wagune.

Onyo. Intero (jaribio fupi) ya kwanza ndiyo itakayokuhukumu. Mwaka mmoja nilikuwa nimechoka, nikampa 16 kijana aliyeandika jibu ninalolipenda bila njia yoyote. Karatasi yake ilizunguka auditwari (ukumbi wa mihadhara) nzima kabla ya saa sita, na kuanzia hapo hakuna aliyeniamini tena mpaka mwisho wa muhula.

Utajua imefanikiwa pale swali la mlangoni litakapobadilika kutoka "Mwalimu, jibu ni lipi?" na kuwa "Mwalimu, nikikupinga, pointi zangu zitakuwa salama?" Jibu ndiyo, kisha lithibitishe kwenye karatasi.

## Hatua ya 2: Mchezo wa namba tatu

Mchezo huu ulitungwa na mwanasaikolojia Peter Wason wa Uingereza, aliyeuchapisha mwaka 1960. Unachukua dakika 20 na haugharimu kitu.

Andika ubaoni: 2 – 4 – 6. Waambie: "Namba hizi zinafuata kanuni niliyo nayo kichwani. Nipeni namba tatu zenu, nitasema ndiyo au hapana. Mkiwa na hakika, mniambie kanuni."

Watakuja mbio. 8 – 10 – 12? Ndiyo. 20 – 22 – 24? Ndiyo. 100 – 102 – 104? Ndiyo. Mmoja atasimama kwa ushindi: "Kanuni ni kuongeza mbili!" Hapana. Kimya kinaingia. Mwingine atasema ni namba shufwa. Hapana.

Subiri. Usiwasaidie. Baada ya muda kuna mmoja, mara nyingi msichana aliyekaa nyuma ambaye hajazungumza tangu muhula uanze, atasema kama anajaribu bahati: "5 – 9 – 40?" Ndiyo. Auditwari italipuka. Mwingine atathubutu: "6 – 4 – 2?" Hapana. Na hiyo hapana ndiyo itakayowafundisha zaidi ya zile ndiyo zote, maana kanuni ilikuwa rahisi mno: kila namba iwe kubwa kuliko iliyotangulia.

Sasa waulize: "Mlikuwa mnatafuta nini muda wote ule?" Walikuwa wanatafuta ndiyo. Kila mtu alichagua namba alizojua zitakubaliwa. Waache waandike sentensi hii kwenye daftari la mashaka kwa maneno yao wenyewe: ukitaka kujua kama wazo lako ni kweli, tafuta hapana yake. Usiwape maneno yangu haya, yatakuwa silabusi nyingine.

Utajua imefanikiwa wiki mbili baadaye, mwanafunzi atakapomwambia mwenzake kwenye mjadala, "Wewe unasema nane, kumi, kumi na mbili." Kwangu imekuwa msemo wa promosheni.

## Hatua ya 3: Pasua dai moja mpaka mfupa

Tumia vipindi viwili kamili hapa. Nitaonyesha kwa dai ambalo kila nyumba ya Goma, mji ulio kati ya volkano ya Nyiragongo na Ziwa Kivu, inalijua:

*"Nyiragongo ikitapika na lava ikagusa ziwa, gesi italipuka na mji wote utakufa."*

3.1 Vipande. Waulize ni madai mangapi yamejificha humo. Kwa kawaida wanaona moja. Endelea kuuliza mpaka yatoke manne:

a) Ndani ya Ziwa Kivu kuna gesi nyingi.
b) Gesi hiyo inaweza kutoka kwa ghafla na kuua.
c) Lava ikigusa maji ndiyo itakayoitoa.
d) Kwa hiyo mlima ukitapika, mji utakufa.

3.2 Umejuaje? Kila kipande kipewe alama moja kati ya nne: *nimeona, nimesoma, nimesimuliwa, nimekisia*. Wanafunzi wa L1 wa leo wengi walizaliwa baada ya mlipuko wa 17 Januari 2002. Wa 22 Mei 2021 waliuona wenyewe wakiwa watoto wakubwa. Kwa hiyo mwanafunzi akisema "tulikimbia", mwulize ni mwaka gani. Atasita, kisha ataona mwenyewe kwamba nusu ya kumbukumbu yake ni ya mama yake. Usimcheke. Kusimuliwa ni ushahidi, ila ni lazima uitwe kwa jina lake.

3.3 Ushahidi. Sasa ndipo wewe unaleta maarifa, baada ya wao kuyahitaji. Kipande (a) ni kweli: vipimo vinaonyesha ziwa limeshika takribani kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni na 60 za methani, na methani yenyewe inavunwa upande wa Rwanda kutengeneza umeme. Kipande (b) kinawezekana: tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos huko Kameruni lilitoa gesi ya kaboni usiku na kuua watu wapatao 1,700.

Kipande (c) ndicho chenye raha. Waulize: "Kuna siku lava iliwahi kuingia ziwani?" Acha kimya kifanye kazi. Kila mwaka kuna atakayekumbuka habari za nyumbani: mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikaingia ziwani, mvuke ukapanda. Na gesi ya ziwa? Haikutoka. Wape sababu: gesi imekandamizwa na uzito wa maji, nayo imejaa zaidi vilindini, kuanzia kina cha mita 250 hivi kwenda chini, katika ziwa lenye kina cha karibu mita 485. Lava iliyoingia kutoka ufukweni haikuutikisa ule mlundikano wa chini.

3.4 Mtego. Mara tu wakisikia hivyo, nusu ya auditwari itaandika: "Basi ziwa ni salama." Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza. Kitu kisichotokea mara moja hakijaahidi kutotokea kamwe. Mpasuko wa volkano chini ya sakafu ya ziwa si sawa na lava inayotiririka kutoka ufukweni. Hitimisho zuri litakuwa la wastani na litakuwa refu kidogo: *dai kama linavyosemwa mtaani limepingwa na tukio la 2002, lakini hatari ya gesi ipo na inafaa kupimwa.* Mwanafunzi anayeweza kuandika sentensi hiyo bila kukimbilia upande mmoja, mpe pointi zake 3 zote.

Onyo la kwanza. Kuna watu ndani ya auditwari waliopoteza nyumba kwa lava kule Buhene, au ndugu. Sema mwanzoni kwamba hakuna anayelazimishwa kusimulia, na mtu akitoka nje usimwite.

Onyo la pili. Usianze na madai ya vita wala siasa. Yapo mengi na yanavutia, lakini kuyahoji kwa sauti kunaweza kumletea mtoto wa watu matatizo nje ya lango. Kisu kinanolewa vilevile juu ya ziwa, bei ya makala (mkaa) au dawa ya kienyeji.

Onyo la tatu. Mwanafunzi hodari atataka kwenda kupima mazuku, mifuko ya gesi ya kaboni inayotoka ardhini, kwa mshumaa. Mkatalie kabisa. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, inalala kwenye mabonde madogo. Anayeinama ndiye anayeanguka.

## Hatua ya 4: Kiswahili kwanza, Kifaransa baadaye

Jambo fupi lakini linaokoa kozi. Majadiliano yafanyike kwa Kiswahili, maandishi ya mwisho kwa Kifaransa. Ukianza na Kifaransa, anayesema sana atakuwa yule aliyesoma shule ya pesa, na wengine watajificha nyuma ya sentensi za silabusi kwa sababu hizo angalau hazina makosa ya sarufi. Kiswahili kinaondoa maficho. "Par conséquent" inaweza kubeba hewa tupu. Jaribu kusema "kwa hiyo" mbele ya wenzako 200 bila sababu, utaona watakavyoguna.

## Hatua ya 5: Watoke wakaulize

Chagua dai dogo la sokoni, kwa mfano: "Makala yamepanda bei kwa sababu wauzaji wameelewana." Gawa promosheni kwa vikundi vya watu watano. Kila kikundi kiende kwa wauzaji sita: wawili Birere, wawili Majengo, wawili Ndosho. Maswali matatu tu: gunia unanunua bei gani, ulinunua bei gani mwezi uliopita, limetoka wapi.

Kwa nini sita na mitaa mitatu? Kwa sababu usipowaambia watauliza shangazi mmoja anayeuza karibu na nyumbani na kurudi na "soko la Goma linasema". Wakirudi, weka namba zote ubaoni. Zitapingana. Kikundi kimoja kitataka kufuta muuzaji "anayeharibu" matokeo yao. Kizuie, na mjadiliane huyo muuzaji ana nini cha pekee. Pengine ananunua kwa gunia kubwa. Pengine alidhani hawa vijana wametumwa na watu wa kodi.

Waende mchana, wawili au zaidi, wasipige picha, na wajitambulishe. Muuzaji akikataa, wanashukuru na kupita.

## Hatua ya 6: Sababu, au mambo yaliyokutana njiani?

Hapa natumia kipindupindu, kwa kuwa kila mmoja wetu ameshaona bidoni (madumu ya maji) zikipangwa ufukweni na mtu wa klorini akiwa na sindano yake ya kutilia dawa.

Wasimulie London ya 1854. Watu wa mtaa wa Soho wanakufa kwa kipindupindu, wasomi wengi wanasema chanzo ni harufu mbaya. Daktari John Snow anashuku pampu ya maji ya Broad Street, na vifo vingi kweli viko kuizunguka. Simama hapo, kisha wape mambo mawili yanayomsumbua Snow: wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilicho karibu kabisa na pampu karibu wote ni wazima, na mjane mmoja amekufa mbali sana, Hampstead. Waulize: "Je, wazo la Snow limekufa?" Dakika kumi kwa wawili wawili.

Kisha toa majibu. Wafanyakazi walikuwa wanakunywa pombe na hawakugusa maji ya pampu. Mjane aliyapenda maji ya Broad Street kwa ladha yake, akawa anachotewa na kupelekewa nyumbani. Mambo yaliyoonekana kulivunja wazo yalikuja kuwa nguzo zake.

Halafu mtego. Mkono wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba na ugonjwa ukaisha. Watapiga makofi. Waambie kwamba vifo vilikuwa vimeanza kupungua kabla ya siku hiyo, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamekwisha kukimbia mtaa. Snow mwenyewe alikiri hilo. Waandike sasa: mkono wa pampu ulifanya kazi au haukufanya? Karatasi nzuri itakiri kwamba tukio hili peke yake halitoshi kuamua, ingawa pampu ilikuwa ndiyo chanzo.

## Hatua ya 7: Kupima uamuzi, si matokeo

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlipuko wa Nyiragongo, mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iliamriwa kuhama. Wakuu walieleza kwamba vipimo vinaonyesha magma (mwamba ulioyeyuka) chini ya mji na kuelekea chini ya ziwa. Watu walikwenda Sake, wengine Rwanda, wengine wakapanda boti kwenda Bukavu. Mlipuko wa pili haukuja.

Swali: "Je, waliotoa amri walikosea?"

Usishangae karibu wote wakisema ndiyo. Wape karatasi nusu, na wagawe ukurasa kwa mstari. Kushoto: yaliyojulikana asubuhi ile ya tarehe 27. Kulia: yaliyojulikana baadaye. Kisha wafunike upande wa kulia kwa mkono na kujibu swali upya. Wengine watabaki na ndiyo yao, kwa sababu nzuri: maji yalikosekana Sake, watoto walipotezana na wazazi, watu waliambiwa mambo kwa kuchelewa. Hiyo ni hoja halali juu ya *namna* ya kuhamisha. Lakini "walikosea kwa sababu mlima haukulipuka" itaanza kuwatia aibu wenyewe, bila wewe kusema neno.

## Yanayokwama mara kwa mara

Kimya. Usiulize watu 200 swali moja hewani. Dakika moja kila mtu anaandika, dakika tatu anaongea na jirani, ndipo unachagua. Unapochagua, mwulize "Jirani yako amesema nini?" Ni rahisi zaidi kubeba wazo la mwingine.

"Kwetu hatupingi mkubwa." Usilidharau hili, lina mizizi yake. Mimi nawafundisha sentensi tatu za kuhoji kwa adabu: "Mwalimu, naomba unisaidie, tumejuaje hili?" "Mzee, na kama ingekuwa kinyume tungeonaje?" "Nakubaliana na wewe hapa, pale sijafika." Kisha mimi mwenyewe nasema jambo la uongo kwa makusudi kila kipindi, na atakayelikamata kwa mojawapo ya sentensi hizo anapata pointi moja ya ziada. Kipindi cha tatu huwa hawaniachii hata nafasi ya kumeza mate.

Wanaohoji kila kitu. Karibu wiki ya tano watatokea wawili watatu wanaosema "hakuna anayejua chochote". Ni uvivu uliovaa suti. Warudishe kwenye mstari wa pointi 5: taja kitakachokubadilisha. Akikosa cha kutaja, pointi zinakatika.

Kazi zinazofanana. Mwaka huu zitatoka kwa mashine, mwaka jana zilitoka kwa kaka aliye L2. Dawa ni moja: daftari la mashaka lije na kazi, na umwulize mdomoni swali moja juu ya muuzaji wake wa nne wa makala.

## Mtihani wa mwisho

Karatasi moja, dai moja ambalo hamjawahi kulizungumzia, na silabusi wazi mezani. Ndiyo, wazi. Haitawasaidia, na kuona haiwasaidii ni sehemu ya mtihani.

La mwaka uliopita lilihusu sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu: *"Sambaza wamepungua ziwani kwa sababu ya uvunaji wa methani."* Karatasi niliyoipa 18 haikufikia uamuzi wowote. Ilipasua dai katika vipande vitatu, ikataja wavuvi wawili ambao mwandishi aliwahi kuwasikia Kyeshero na kuandika pembeni *nimesimuliwa*, ikauliza kama nyavu zimeongezeka katika miaka hiyohiyo. Kisha kwenye mstari wa pointi 5 binti aliandika kwa Kifaransa chenye makosa mawili ya sarufi: nitabadili mawazo nikioneshwa kwamba samaki wamepungua upande wa Rwanda peke yake.